Kamera Kwenye Kofia ya Mjomba

Kamera yenyewe haina kosa, nianze na hilo. Ni ya bei ya chini, nyembamba na ndefu kama tochi ndogo, na unaifunga kwenye kofia au kwenye usukani wa baiskeli. Haina kioo cha kuonyesha unachorekodi. Unasukuma swichi mbele, inatetemeka kidogo kukujulisha imeanza, basi, mengine utayajua nyumbani. Kikundi chetu cha kupanda miamba na kuendesha baiskeli pale Singida mjini kilitaka kuagiza kadhaa, wakanitwika mimi kazi ya kuijaribu kwa sababu eti nina mdomo wa kukosoa kila kitu.

Niliifunga kwenye baiskeli kutoka Mkiwa kwenda Itigi. Juani picha zilitoka safi, vumbi halikuingia, na betri ilivumilia mpaka nikachoka mimi. Ila jua lilipoanza kuzama kila kitu kiligeuka chengachenga za kijivu, hujui kama ni mti au ng'ombe. Nikaona bado sijaijaribu kwa kazi ya kweli, kazi ya kupanda juu na mikono yote miwili ikiwa na shughuli. Nikamkumbuka mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, anaishi upande wa Mitundu na amekuwa akirina asali tangu kabla sijazaliwa. Ana mizinga ya magogo aliyoitundika porini, na mmojawapo aliuchonga baba yake, yaani babu yangu. Mizinga mingine hukaa mitupu msimu mzima. Huu wa babu nyuki walikuwa hawajawahi kuuhama, na mjomba alikuwa akiutaja kwa sauti ile ambayo watu hutumia kumtaja mtoto aliyefaulu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama." Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Nilimweleza shida yangu. Akaigeuza kamera huku na huku, akainusa, maana nyuki hawataki manukato. Akaridhika. "Sawa. Jua likizama tunaenda."

Hapo ndipo nilipofungua huo mdomo wangu. "Mjomba, hii gizani haioni. Hatuwezi kwenda mapema, kukiwa bado kweupe?"

Kule hata mtoto anajua kwamba asali hairinwi juani. Jioni nyuki wametulia, moshi kidogo unatosha. Mchana ni wakali, na ukiwavuruga vibaya wanaweza kuondoka wote na malkia wao wasirudi tena. Nami nilikuwa najua. Mjomba aliitazama kamera, akanitazama mimi. "Itawezekana," akasema. Ningemuuliza tena pengine angekataa, na mimi nilikuwa sitaki akatae, kwa hiyo sikumuuliza.

Tulikwenda alasiri. Nilimfungia kamera kwenye kofia, nikasukuma swichi, nikarudi nyuma kujikunyata kichakani na kitenge changu kichwani. Alipanda kwa kamba, kienge cha moshi kikining'inia kiunoni. Nilimwona akifika kwenye mzinga wa babu na kuuinamia kitambo. Alipoufungua, mvumo ulibadilika ghafla. Mjomba alishuka kwa kuteleza, kamba ikimchuna viganja, na tukakimbia bila sega hata moja. Tuliposimama, jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa na mdomo umevimba. Akacheka hivyohivyo.

"Na wao wamenipiga picha," alisema.

Nyumbani mkewe alimkalisha kwenye kigoda, akawa anamtoa miiba kwa ukucha huku akifoka. "Tangu lini wewe unarina jua linawaka? Ndiyo uzee umeanza?"

"Niliona mvua inakuja," mjomba akajibu.

Angani hapakuwa na wingu. Mimi nilikuwa palepale, kikombe cha chai mkononi, na nilichofanya ni kunywa chai. Naona aibu hata kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Kesho yake asubuhi nilimfuata porini. Alipanda, akaligonga gogo kwa kiganja, akatega sikio. Akagonga tena. "Wamehama," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyekosa basi. Aliposhuka alisema atapaka nta upya mlangoni, watakuja wengine. Hakutaja babu, na mimi sikuthubutu kumtaja. Njia nzima ya kurudi alinionyesha miti na ndege, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

Video niliiangalia nikiwa nimesharudi mjini. Picha ni nzuri, siwezi kusema uongo. Inatikisika kidogo, lakini majani yanaonekana moja moja, moshi unaonekana, mpaka alama ya shoka la babu kwenye gogo inaonekana. Nilitegemea sauti iwe mbovu, maana kamera za bei hii huwa zinarekodi upepo tu. Nikaongeza sauti ili niandike kasoro hiyo.

Nikamsikia mjomba. Ni pale alipouinamia mzinga, kabla hajaufungua. Anahema, halafu ananong'ona kwa lugha ya nyumbani, taratibu, anaongea na nyuki: "Nivumilieni. Najua saa yake bado. Ni binti yetu huyu, hajawahi kuniomba kitu. Nitamnyimaje?"

Niliirudisha, nikasikiliza tena. Ujumbe ukaingia kwenye simu: kikundi kinauliza, vipi kamera, tuagize? Niliwaandikia kwamba gizani haifai, juani iko vizuri, na sauti inanasa hata mtu akinong'ona. Wakaniomba niwarushie video waone wenyewe. Niliwajibu kwamba video haikutoka.