Takataka za Kuazima

Mwalimu wetu wa biolojia alianzisha klabu ya mazingira katika mtaa usiokuwa na takataka. Nadhani hakuliona tatizo hilo mapema. Alikuwa bado kijana. Baba yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba, na yeye alisoma mpaka akapata diploma na abakosti mbili, zile suti zetu zisizo na tai, moja ya kijivu na moja ya kahawia. Mahali fulani alikuwa amesoma kwamba kuna nchi ambazo watu hukusanya vyuma vikuukuu, wakaviyeyusha na kutengeneza vitu vipya. Alitueleza habari hiyo kwa sauti ya kanisani. Sisi, watoto wa Likasi, ambao nusu ya baba zetu walishinda mbele ya tanuru wakiyeyusha vyuma, tulimsikiliza kwa heshima.

Siku yetu ya kazi ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo. Kwa asiyejua, salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kusafisha mji. Soko lilifungwa asubuhi nzima, na mama aliyekutwa akiuza hata karanga alinyang'anywa karanga zake kwa ajili ya maendeleo. Watu wazima walifyeka majani na kuzibua mifereji. Klabu yetu ilipewa kazi ya kukusanya vyuma na makopo yaliyotupwa.

Hakuna aliyekuwa ametupa. Kopo la nyanya lilikuwa kipimo cha unga. Kopo la maziwa lilikuwa koroboi. Kopo la sadini lilitobolewa kwa msumari likawa kikwaruzo. Pipa likikatwa lilitoa mbabula mbili, yale majiko yetu ya makala, na mfuniko wake ukawa mlango wa banda la kuku. Tairi lilikuwa viatu. Kitu kilichokwisha kabisa kilikuwa cha watoto, na watoto ndio wagumu kuliko wote kuachia. Jumamosi ya kwanza tulipata maganda ya miwa, mifupa ya mbuzi na kiatu kimoja, ambacho mwenyewe alikuja kukidai kabla hatujafika shuleni. Mwalimu alituambia tusikate tamaa.

Halafu mkuu wa shule akapata habari kwamba Komisera, mkubwa wa serikali katika eneo letu, atatembelea shule yetu Jumamosi inayofuata ili ajionee rundo la vyuma vilivyookolewa na vijana. Nani alimwambia Komisera kwamba kuna rundo, sikujua wala sitajua. Mkuu alimwita mwalimu ofisini. Mwalimu alitoka jasho likimtiririka ndani ya abakosti ya kijivu, akatukusanya nyuma ya choo na kutueleza mpango. Kila mmoja angeomba nyumbani kitu chochote cha chuma, kikae kwenye rundo asubuhi ile tu, na mgeni akiondoka kila mtu achukue chake. Alisema huo si uongo. Ni onyesho, kama lile la moyo wa ng'ombe aliotuletea darasani, ambao baadaye aliurudisha kwa mwenye bucha.

Nyumbani kwetu chuma cha maana kilikuwa kimoja, karai ya mama. Baba, kabla hajafa, aliikata kutoka kitako cha pipa na kuigonga nyundo Jumapili nyingi mpaka ikawa na tumbo. Ilikuwa nene na nzito, na mafuta yalipata moto ndani yake bila kuunguza. Mama aliwahi kujaribu karai ya alumini ya dukani, maandazi yakatoka meusi nje na mabichi ndani, wateja wakacheka. Tangu baba afe, maandazi ndiyo yaliyotulisha, yaliyolipa chumba na yaliyoniweka shuleni. Bila karai ile hatukuwa na kitu kingine. Mama alijua hivyo, mimi nilijua, na mwenye nyumba alijua.

Hata hivyo mama alikubali. Jumamosi asubuhi asingeuza kitu kwa vyovyote, na mwalimu alikuwa amekuja kunitazama nilipougua malaria, jambo ambalo mama hakulisahau. Ila aliitazama karai, akaigeuza, akasema haiwezi kutoka nyumbani namna ile. Ijumaa jioni aliisugua nje kwa mchanga, majivu na ndimu. Ndani hakugusa, kwa sababu weusi wa ndani ndio uliozuia unga usigande. Nilimkumbusha kwamba inakwenda kuwa takataka. Alinijibu kwamba Komisera ataiona, majirani wataiona, na yeye si mwanamke mchafu.

Basi kila mama katika mtaa alikuwa amefikiri vilevile. Jumamosi tulipanga sufuria, mabeseni, mbabula, birika, ndoo na reki uwanjani, na jua lilipochomoza lile rundo liling'aa hata likaumiza macho. Mwalimu alilitazama, akafunga macho, akayafungua tena. Aliomba tulimwagie vumbi kidogo. Tulikuwa bado tunatafuta vumbi, maana uwanja nao ulikuwa umefagiliwa na kumwagiwa maji, Komisera alipofika.

Alikuja na gari lake, na nyuma yake lori lililobeba wapiga ngoma. Alizunguka rundo taratibu. Aliinama, akapitisha kidole juu ya sufuria ya mtu, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Alitangaza kwamba ametembelea mitaa mingi lakini hajapata kuona raia wanaoosha hata takataka zao, na kwamba huo ndio moyo ambao Kiongozi wa nchi anauhubiri kila siku. Tulipiga makofi. Akaendelea kwamba chuma kizuri namna hii hakifai kulala uwanjani, wezi wasije wakakichukua. Akaamuru wapiga ngoma washuke na rundo lipakiwe kwenye lori mara moja, liende kwenye yadi ya kampuni ya shaba, likangoje tanuru. Tulipiga makofi tena.

Mwalimu alifungua kinywa. Mkuu wa shule alimtazama, na mwalimu akakifunga. Ambaye angesema neno pale angekuwa anasema kwamba shule imemdanganya Komisera, na kumdanganya Komisera kulikuwa kumdanganya aliye juu yake. Watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mama alikuwa mstari wa mbele katika kundi la animasyo, la kina mama waliotakiwa kuimba na kucheza mpaka mgeni aondoke, wote katika kitenge chenye picha ya Kiongozi kifuani na mgongoni. Alikuwa amegeukia lori. Niliona anaiona karai ikirushwa juu, ikitua kwenye vyuma vingine kwa kishindo. Hakukosa hatua hata moja. Mimi nilitaka kulia, na nilikuwa ninapiga makofi.

Kesho yake baada ya misa mwalimu alikuja kwetu. Aliketi kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni, akamwambia mama kwamba Jumatatu atakwenda kwa Komisera kusema ukweli wote. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na alikuwa amenyoa vizuri kama mtu anayejiandaa kupigwa picha ya polisi. Mama alimalizia kwanza kukunja kitenge cha animasyo.

"Mwalimu, ukienda kule batakufunga," alisema. "Karai haitarudia, na batoto batakosa mwalimu. Kaa."

Jumatatu alfajiri mimi na mama tulikwenda wenyewe kwenye yadi, na mfuko wa unga, chupa ya mafuta na makala. Sikuelewa vya nini. Mlinzi wa geti alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye rungu na filimbi. Mama alimwomba amtolee karai yake, akamwonyesha kwa kidole ilipokuwa, karibu na ukingo wa rundo. Mlinzi alisikitika kwa dhati. Alieleza kwamba chuma kikishaingia mle hakitoki, hata wafanyakazi hupekuliwa mifuko kila jioni. Mama aliuliza kama mtu akiingia anatoka. Mlinzi alisema mtu anatoka. Mama akauliza kama kuna sheria inayokataza mtu kuwasha moto karibu na chuma. Mlinzi alifikiri muda mrefu, akaangalia huku na huku, na hakupata sheria hiyo.

Hivyo ndivyo mama alivyokaanga maandazi ndani ya yadi ya kampuni, kwenye karai yake ambayo haikuwa yake, juu ya mbabula ya jirani ambayo nayo haikuwa ya jirani tena. Wafanyakazi wa zamu walinunua yote. Mlinzi alikula, na msimamizi wa yadi, aliyekuja kufoka, alikula pia, akafoka baadaye kidogo na kwa upole.

Kufikia katikati ya wiki kina mama wengine walikuwa wamesikia. Mmoja alipika maharage kwenye sufuria yake. Mwingine alisonga bukari, ugali wetu. Mwingine alikuja na mtoto, akamwogesha kwenye beseni lake na kuondoka naye, beseni likabaki. Kila mtu alikijua chake, na jioni kila mtu alikiosha na kukirudisha kwenye rundo. Mwalimu naye alituleta klabu nzima baada ya masomo tuwachotee kina mama maji. Aliliita zoezi la vitendo. Hakuna kazi ya klabu ile iliyowahi kuwa na faida kama hiyo, na nilianza kuona kwamba tunaweza kuishi hivyo, wao na sheria yao, sisi na chakula chetu. Tanuru lilikuwa linangoja kreni, na kreni ilikuwa inangoja spea kutoka ng'ambo. Kwa jinsi nchi ilivyokuwa, tulikuwa na miaka.

Lakini spea ilifika. Msimamizi ndiye aliyemwambia mama, akitafuna, bila kumtazama, kwamba kreni itaanza kubeba rundo saa za mchana.

Ilikuwa asubuhi, na karai ilikuwa motoni. Mama aliendelea kukaanga. Alimaliza unga wote. Kisha alifanya jambo ambalo sikulielewa. Aliyamimina mafuta yote kutoka kwenye karai, akayarudisha kwenye chupa, akairudisha karai kwenye makala mpaka ikafuka moshi, na ndipo akayapanga maandazi ndani yake, akafunika kitambaa. Alikunja ngata, akajitwika. Aliwaangalia wenzake, na wenzake walielewa kabla yangu. Yule wa maharage alichukua sufuria ikichemka. Yule mwenye mbabula aliinyanyua kwa matambara, makala yakiwaka ndani yake. Mwenye beseni, kwa kuwa hakuwa na chakula, alimtia mtoto wake humo na kumbeba hivyo hivyo.

Mlinzi alisimama katikati ya geti. Alikuwa na aibu, na filimbi ilikuwa mdomoni lakini hakuipuliza. Aliitoa.

"Mama, iyi ni chuma," alisema.

"Hapana, papa. Ni chakula. Angalia."

Mama aliinama kidogo, ngata na vyote. Mlinzi alifunua kitambaa, mvuke ukampiga usoni. Aligusa ukingo wa karai kuhakikisha, akaondoa mkono haraka na kuupulizia. Alitazama foleni iliyokuwa nyuma yetu, masufuria yakitoka moshi, mtoto ndani ya beseni akimtazama yeye. Akasogea pembeni. Nadhani na yeye alikuwa na mke nyumbani.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na walinzi wa kampuni walipita juu ya baiskeli, huku na kule, mpaka mwanzo wa mtaa. Mama alitembea bila kugeuza kichwa. Nilimwambia apumzike, akaongeza mwendo. Mwalimu alitukuta kwenye kona ya shule, akanyoosha mikono ampokee mzigo, mama akampita. Kina mama wengine walipofika mtaani walishangilia na kutua vyombo vyao barabarani. Mama hakutua mpaka ndani ya uwanja wetu, na hapo aliniita nimsaidie.

Nilipoishusha karai niliona ngata imeungua katikati na kuwa kahawia. Niliiondoa, ikatoka na nywele zake, na chini yake ngozi ilikuwa nyekundu na imeanza kuchubuka. Nilikasirika. Nililia na kumgombeza mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tena. Nilimuuliza kwa nini ameipasha moto, kwa nini hakungoja ipoe kwanza ndipo aibebe.

"Ikisha kupola," alisema, "inakuwa chuma yabo."

Kisha aliketi kwenye kigoda, akainamisha kichwa nimwagie maji polepole, na akaniambia niangalie yasiingie kwenye karai.