Vyungu vya Mama Mkwe na Ute wa Lindi

Nilitoka Matema kwa sababu Bwana wa bandari ya Lindi, Mzungu wa serikali, alipenda vitu viwili vya kwetu: vyungu na shemeji yangu. Alikuja ziwani kwetu kutazama boti ya serikali, akamwona Gwakisa, mdogo wa mke wangu, akikwangua mtumbwi kwa ustadi. Heshima iliyoje! Akamchukua papo hapo aende Lindi kumkwangulia meli. Mke wa Bwana alipovisifu vyungu vya mama mkwe wangu, Bwana akatamka mbele ya watu wote kwamba akiletewa vyungu safi, visivyo na ufa, atamrudisha kijana. Mama mkwe hakulala mpaka vilipochomwa vyote.

Njia ya milima ya Wakinga ni nzuri sana kwa mtu asiyebeba chungu. Sisi wabebaji tulivifunga kwa majani ya migomba, tukapanda kama mbuzi, tukateremka kwa makalio. Huko Ungoni mwenyeji wetu mmoja, mtu wa makamo, aliuliza kama pwani hakuna udongo. Nilimjibu kwamba upo, ila haujapata bahati ya kupendwa na mke wa Bwana. Akatupa viazi, akatuonea huruma.

Lindi nilimkuta Gwakisa amekonda, mikono imejaa mikwaruzo. Alinikumbatia, nami nikajifanya jasho limeniingia machoni. Bwana alikuwa safarini na mkewe, watu wa bandarini wakaniambia ningoje. Sasa ninyi wa nyumbani mnajua chungu kikisafiri kikavu hufanywaje: hulazwa ziwani kishibe maji, kisije kikapasuka. Nikavifunga kamba, nikavizamisha chini ya gati. Maji ni maji, nikajisemea, na nikajiona mwerevu.

Bwana aliporudi, mwezi ulikuwa umekwisha. Nilivuta kamba mbele yake kwa madaha. Vikatoka vitu ambavyo mama mkwe asingevitambua. Ute mnene wa zambarau ulikuwa umevifunika nje na ndani, umejaa vinyota vya njano, unateleza na kunuka. Chaza wachache waliokuwa wameng'ang'ania ukingoni walikuwa wamefunikwa, wamekufa. Niliona shemeji yangu akizeekea Lindi kwa sababu ya werevu wangu.

Bwana, kumbe, alifurahi kuliko mtu aliyepata mtoto. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akanieleza kwa subira nyingi. Huu si ute, alisema, ni wanyama wengi wanaoishi ndani ya koti moja, kila mmoja na mdomo wake. Hawakuzaliwa bahari hii. Walikuja wameshika matumbo ya meli, hakuna aliyewaita, na wakifika hutanda juu ya kila kitu mpaka wenyeji wakose pumzi.

"Na hawaombi ruhusa, Bwana?" nikauliza.

"Wanyama hawana adabu," akajibu, na hakucheka. Nami sikucheka, ingawa mbavu ziliniuma.

Nilipomkumbusha habari ya Gwakisa, alisema tulipatana vyungu safi, na hivi ni vichafu. Isitoshe, wanyama hao ndio wanaozishika meli zake, kwa hiyo mkwanguaji anahitajika zaidi. Hesabu nzuri kabisa. Akaamuru vyungu vijazwe maji ya bahari, viwekwe barazani, nami nivilinde wakati yeye akienda kumwalika mwenzake aje kuona.

Jua la Lindi likapunguza maji. Kwetu, kumwekea mgeni chungu nusu ni matusi, nanyi mnajua mama mkwe alivyo mkali kwa jambo hilo. Nikavimwaga, nikavijaza upya mpaka ukingoni kwa maji ya kisima, matamu, baridi, bora kuliko yale ya chumvi. Sikuwa na ujanja wowote, nilidhani nawakirimu.

Bwana aliporudi na mwenzake, wanyama wale wa maji ya chumvi walikuwa wamekufa, wamekuwa uji. Uliteleza wote, vyungu vikabaki vyekundu, vinang'aa. Bwana alipandwa na hasira, akaniita majina ya kwao. Lakini mkewe alikwisha kukiinua kimoja, anakigonga kwa kidole na kukisikiliza, kama wafanyavyo wanawake wa Matema.

"Ni safi, na havina ufa," akamwambia mumewe. "Uliahidi mbele ya watu."

Mwenzake alikuwa anasikia. Bwana akatikisa mkono kama anayefukuza inzi. Tuliondoka kabla hajafikiri upya, na Gwakisa hakugeuka nyuma hata mara moja.

Matema mama mkwe alimshika mwanawe uso kwa mikono yenye udongo. "Ndaga fijo," akaniambia, asante sana, kisha akauliza kama vyungu vilipasuka. Nikasema havikupasuka, na mengine sikumwambia.

Nilichojifunza ni kwamba kitu kilichokuja kimeshika chombo cha watu, kikatanda na kujiona mwenyeji, si lazima kiwe na nguvu kama kinavyoonekana. Hutegemea maji kiliyoyazoea.

Boti ya serikali ilikuwa imetia nanga ufukoni mbele yetu. Gwakisa akachota maji ya ziwa kwa chungu, akaimwagia ubavuni, tukatazama. Haikuyeyuka.

"Tungoje kidogo, shemeji," akasema, akachota tena.