Ahamie Kwetu kwa Hiari

Hapana, usiniambie siasa ni ya wanasiasa na mapenzi ni ya wapendanao. Uliniambia hivyo juzi, umekaa kwenye benchi langu nakubadilishia kioo cha simu, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa na bisibisi mkononi na hasira zangu zingekuharibia mashine. Leo sina bisibisi. Leo utanisikiliza.

Mimi ni fundi simu hapa Karatu mjini. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa kuharibu simu za ndugu zangu mmoja mmoja mpaka ikafika siku moja ikawaka. Kwetu ni Nainokanoka, kwa Wamasai, kule juu ndani ya hifadhi, kwenye baridi na ng'ombe na ukungu. Mchumba wangu ni Mwiraqw, Mambulu kama tunavyowaita tukitaka kuwachokoza, anaendesha wageni, anawashusha kreta, lile bonde kubwa la wanyama, na kuwapandisha. Nampenda. Liweke hilo kichwani kwanza, maana nitamsema.

Huyu mwanaume anaamini watu na ng'ombe wamezidi kule kwetu, na kwamba serikali inafanya sawa kuwahamishia Handeni. Hajatumwa na mtu, hajalipwa. Anaamini tu. Tulikuwa tumeanza kuzoeana, akaja kibandani na chipsi, akakaa, akasema kama mtu anayesema mvua itanyesha:

"Lakini babe, ukweli ni ukweli. Nyumba wamejengewa, mashamba wamepewa. Si waende tu?"

"Shamba la baba yako pale Rhotia," nikamwambia, "nikikujengea nyumba nzuri Handeni utaliacha?"

"Kwetu siyo hifadhi."

"Na kwetu haikuwa, mpaka watu walipoipenda."

"Mimi nakula kwa sababu ya wale wanyama."

"Na mimi nimekua kwa sababu ya wale ng'ombe. Toa mkono kwenye chipsi."

Alitoa mkono. Lakini kesho yake alirudi, tukaanza tena pale pale tulipoishia. Hivyo ndivyo tulivyochumbiana. Wenzangu walikuwa wanatumiana picha za maua, sisi tunatumiana video za mikutano. Madereva wenzake wakawa wanamcheka: "Oya, tafuta Mambulu mwenzio ulale bila mkutano wa hadhara." Na wasichana wa pale stendi wakawa wananiambia mimi nina mdomo sana, mwanaume atakimbia. Hakukimbia. Mtu anayejua kubishana bila kukutukana, na kesho anarudi na chipsi, unampata wapi?

Sasa kuna neno lazima nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea. Neno ni hiari. Wewe ukilisikia unaona ni neno zuri, la kanisani. Kwetu siyo hivyo. Wanaohama kule wanaambiwa wamehama kwa hiari, na wengine ni kweli kabisa. Shangazi yangu alihama kwa hiari, alipiga simu akicheka, akasema mahindi yake yamefika kiunoni. Wengine wanasema hiari gani hiyo, wakati kule hawaruhusiwi hata kupanda mboga? Basi neno limegawa maboma. Ukilisema mbele ya wazee unaulizwa uko upande gani kabla hujamaliza chai.

Kaka yangu ni wa wasiohama. Shangazi alipoondoka, kaka aliniletea simu yake hapa hapa kibandani. Kusoma kwake ni kwa shida, majina mengi anayajua kwa sura ya herufi ya kwanza. Akaniambia, "Mfute." Nikamwambia ni dada wa baba. Akasema, "Alikuwa." Nikaishika ile simu. Namba nikaiacha, nikabadilisha jina tu, nikaandika Dawa ya Kupe, nikamrudishia. Mpaka leo hajajua. Lakini niliona uso wake, na tangu siku ile nilijua jambo moja: nikiolewa Karatu kwa namna ambayo yeye ataiona ni kuhama, namba yangu itafuata. Na mimi sina kaka mwingine. Huyo ndiye aliyenibeba mgongoni kwenye matope mpaka darasa la kwanza. Kwa hiyo usiniambie mapenzi hayana siasa.

Siku ya posa ikafika. Wakapanda na krusa, gari la safari la rafiki yake, yeye na baba yake mdogo, ambaye ni mzee wa kanisa na anapenda kipaza sauti kuliko chakula. Huyo ndiye alikuwa mshenga. Mimi nilitangulia, nikawa ndani kwa mama, maana kwenye kikao wanawake hatuitwi. Nyumba ya udongo ina tundu dogo la mwanga, nikaweka sikio pale. Nje baba na wazee wawili wamekaa, kaka anatafsiri, kwa sababu baba Kiswahili chake ni cha mnadani.

Salamu zikaenda vizuri. Mchumba aliinamisha kichwa mbele ya kila mzee, akaguswa utosini kama kijana wa humo humo. Chai ikanywewa. Mzee mmoja akatania kwamba mababu wa Kimasai walikuwa wanakwenda kwa Wambulu kuchukua ng'ombe bila posa wala mshenga, sasa Wambulu wamekuja kulipiza. Wakacheka. Nikasema moyoni, tumepita.

Ndipo baba mdogo akasimama, akakohoa, akasema kwa ile sauti yake ya harusi:

"Wazee wangu, hatukuja na maneno mengi. Tumekuja kuomba binti yenu ahamie kwetu, kwa hiari yake mwenyewe."

Kaka hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Kule kwetu neno lile hata mbuzi wanalijua.

Nilisikia fimbo zikiokotwa chini. Siyo za kupiga, za kuondokea, lakini mgeni atajuaje? Mama akaniangalia, mwiko umesimama ndani ya sufuria. Baba akaongea kwa Kimasai, taratibu, na kaka akatafsiri kwa furaha ambayo sitamsamehe:

"Mzee anasema, hayo maneno tumeshaletewa na watu wenye magari makubwa kuliko lenu. Rudini. Mkija tena, mje na neno lingine."

Wakarudi. Niliteremka nao kwa sababu kesho yake nilikuwa na simu za watu. Garini baba mdogo hakunyamaza mpaka geti la hifadhi. "Nimekosea nini? Hiari ni neno la Mungu! Nimelisema kwenye harusi zote za jimbo hili!" Askari wa getini akatuuliza tumetoka wapi, mzee akajibu, "Kwenye posa." Yule akatabasamu, "Mmepewa?" Mzee akasema, "Tumeambiwa tukatafute neno." Yule askari alitupungia mkono tupite, sijui alituonaje.

Mimi nilikuwa nimechemka. Siyo kwa mzee, yule hakujua. Kwa mchumba, ambaye alijua, ambaye nilimfundisha kwa mdomo wangu mwenyewe, na alikaa pale akamwacha baba yake mdogo aseme.

"Nilishtuka," akasema.

"Unashtuka nini? Simba hakushtui, neno linakushtua?"

"Sasa nikirudi niseme nini? Nimwambie mzee nimebadilika?"

"Umebadilika?"

"Hapana."

"Basi usimwambie. Uongo wako naujua, na baba ananunua ng'ombe kwa kuwaangalia macho tu, atakujua."

"Nisaidie basi neno."

"Mimi ni fundi simu. Siyo kamusi. Tafuta."

Hakuja kibandani wiki nzima. Wasichana wa stendi wakanihurumia wakifurahi. Nilifungua simu, nikafunga simu, nikalehemu kwa risasi waya ambao haukuhitaji kulehemiwa. Lakini sikumpigia. Kama mtu hawezi kutafuta neno moja kwa ajili yangu, ataweza kunitafutia nini?

Mara ya pili alikwenda bila kipaza sauti. Baba yake mdogo alikuwepo ila aliapishwa kunyamaza, akawekwa pembeni na kikombe. Mchumba alileta blanketi, sukari, asali ya kutengenezea pombe ya wazee, na mtamba mwekundu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mzuri mpaka wamama walitoka nje kumwangalia. Mimi tena ndani, sikio kwenye tundu.

Baba hakumpa nafasi ya hotuba. Akauliza moja kwa moja, kaka akatafsiri: "Mzee anasema, wewe ni wa wale wanaotaka tuhame?"

Mama alinishika kifundo cha mkono. Nilijua jibu la kweli na nilijua kaka analingojea.

"Ndiyo, baba," mchumba akasema. "Nimewahi kusema hivyo na sijaacha. Binti yako ananipinga kila siku. Hajanishinda, na mimi sijamshinda. Sikuja kuomba ahame. Nimekuja kuomba ruhusa tugombane ndani ya nyumba moja."

Kaka angeweza kummaliza pale pale. Angegeuza neno moja tu, nani angejua? Mimi ningejua. Kaka alitafsiri yote, kama yalivyo, hata lile la kugombana, akayaweka kwa Kimasai cha kupendeza kuliko Kiswahili chake yule bwana. Nikasema hata kama hatanipa mkono tena, leo ameniheshimu.

Baba akamwangalia yule mtamba. Kisha akauliza kitu, na nikasikia wazee wameanza kutingisha mabega.

"Anauliza," kaka akasema, "kama unaona ng'ombe wamezidi huku, mbona umeleta mwingine?"

"Sijaongeza, baba. Nimemnunua kwa jirani yako hapo bondeni. Amehama boma tu."

Jamani, mimi nina mdomo. Nilipiga kelele kutoka kwenye tundu:

"Kwa hiari?"

Mama alinipiga mwiko wa bega. Lakini nje kikao kilikuwa kimevunjika. Baba mwenyewe alikuwa anacheka mpaka anakohoa, mzee mmoja amejishika kwa fimbo asianguke, na baba mdogo wa watu anauliza, "Sasa amelisema yeye, mbona hafukuzwi?"

Baba akaniita nje. "Wewe mwenye mdomo. Ukikaa Karatu, wakikuuliza wa wapi, utasemaje?"

"Wa hapa."

"Wakikuuliza mara ya pili?"

"Nitawauliza walikuwa wapi nilipojibu mara ya kwanza."

Akatema mate mikononi mwangu, baraka ya kwetu, na ikaisha hivyo.

Wakati wa kuondoka kaka akanisogelea na simu yake. Nikadhani anataka nifute mtu tena. Akasema, "Mwandike."

"Nani?"

"Huyo Mambulu wako. Namba yake."

"Nimwandike jina gani?"

Akamwangalia yule ng'ombe, ambaye tayari alikuwa anasukumana na wenzake. Kwetu shemeji huitwa kwa mnyama aliyemleta. "Andika Mtamba," akasema. Nikaandika. Nikapitisha kidole haraka kwenye orodha: jina langu lipo, na Dawa ya Kupe yupo. Hiyo ya pili nitamwambia siku moja, nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Sasa mchungaji ametuambia siku ya ndoa atatuuliza mbele ya watu wote kama tumekuja kwa hiari yetu. Mchumba akaniangalia kwa wasiwasi, baba yake mdogo akainamia viatu. Nikawaambia watulie. Nitajibu ndiyo, kwa sauti itakayosikika mpaka sokoni, maana hiari inayoulizwa pale ni yangu, na nimeitoa mwenyewe. Jioni yake tutaendelea kubishana kuhusu ng'ombe, na kwenye kura kila mtu ataingia na kidole chake. Najua anachofikiria kuhusu kwetu, neno kwa neno, alilisema mbele ya baba yangu mchana kweupe, na bado nalala vizuri.

Wewe uliyekaa kwenye benchi langu ukaniambia mapenzi hayana siasa, huyo wako umeshamuuliza anataka watu wenu wakaishi wapi?