Uzi wa Magunia Bwawani Lupaso

Naandika polepole, darasa la saba ndipo nilipoishia na hata pale mwandiko wangu ulikuwa unachekwa, kwa hiyo nivumilieni. Mkasa huu nimeona niuandike mwenyewe kwa sababu kila anayeusimulia pale Lupaso anaongeza lake, na wa mwisho niliyemsikia alisema eti nililia. Sikulia, yale yalikuwa maji ya bwawa. Mengine yote wanayosema ni kweli, na aibu yake ninayo mpaka leo, mtu akitaja kofia tu masikio yangu yanapata moto.

Mimi ni mtu wa Makote, juu kule Newala, na anayepajua kwetu anajua kuwa hatuna mto wala ziwa, maji tunayaona yakiwa ndani ya ndoo. Samaki tuliyemzoea ni yule mkavu wa sokoni, ameshakunjwa, hana ubishi. Nilishuka Lupaso, upande wa Masasi, kumsaidia shangazi yangu Mama Zawadi msimu wa korosho, kuokota, kuanika, kujaza magunia na kuyashona midomo. Kushona gunia naweza (nipeni shazia, ile sindano kubwa ya magunia, na uzi wa katani muone), kuongea mbele za watu ndiko kunakonishinda. Na huko ndiko nilikomwona Salama, tukawa tunasalimiana njiani kwenda shambani, yeye anaongea na mimi naitikia kwa kichwa, mpaka siku moja akaniambia, "Issa, kama unanitaka nenda kwa mjomba, mimi siwezi kujiposa."

Kwetu huku, kwa Wamakonde na hata kwa Wamakua, mambo haya ni ya mjomba. Baba anaweza kufurahi na kukuchinjia kuku, mjomba akikohoa tu imekwisha. Mjomba wake Salama ni Mzee Chilumba, mtu wa maneno machache, havui kofia yake hata akila (ni kofia ya mkono, alishonewa na marehemu mkewe). Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, nikatafuta yale maneno niliyoyapanga, sikuyaona, nikasema shikamoo tena.

"Marahaba," akasema. "Una shida gani, kijana?"

"Shikamoo, mzee."

Mama mzazi wa mzee, Bibi Esha, alikuwa kibarazani anachambua mbaazi. Bibi wa nyumba ile ana ruhusa ya kumtania kila kijana, akaweka ungo chini kabisa ili acheke vizuri. "Mwacheni mume wangu," akasema, "kaja na salamu za ukoo mzima, bado hajafika kwa mashangazi."

Mzee Chilumba hakucheka. Alisema, "Habari yako ninayo, Salama kashasema. Mdomo wako sijausikia, basi nitaangalia mikono. Jumamosi bwawa linafunguliwa. Niletee kitoweo kitakachotosha nyumba hii, kisha tuma mshenga. Ukikosa, usinitumie mtu, maana yuko mwingine wa Masasi mjini ameshaulizia."

Bwawa lile ni la kijiji. Mwaka mzima limefungwa, na maji yakishapungua kabla ya mvua, serikali ya kijiji inalifungua kwa siku moja, nyavu marufuku, ni ndoano tu, na kijiji kizima kinakuja, wanaovua na wanaotazama (wanaotazama ndio wengi, na ndio wenye maneno).

Basi nikaenda Masasi mjini kununua vifaa. Dukani mwenye duka akanitolea rili mbili za nailoni, moja nyembamba kama unywele, huioni mpaka uielekeze kwenye mwanga, nyingine nene kidogo. Akaniuliza swali moja tu, "Unavua samaki gani?" Ndugu zangu, hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Ningesema sijui, angenifundisha. Lakini pale palikuwa na wateja wengine, na mimi kuonekana sijui samaki gani anaishi kwenye maji ninayokwenda kuvua niliona haya, nikasema, "Aah, wa kawaida." Watu wakanigeukia. Nikachukua ndoano, tena kubwa kuliko zote ili nisionekane mtoto, nikatoka kabla sijaulizwa swali la pili, bila mshipi, nailoni zote mbili nimeziacha pale pale.

Njiani nikajiliwaza kwa hesabu yangu ya Makote. Gunia la korosho likishonwa linainuliwa na wanaume wawili, linatupwa juu ya lori, linakwenda mpaka ghalani, na uzi wa mdomoni haukatiki. Sasa samaki gani ana uzito wa gunia? Ile nailoni kama unywele ya nini? Nikafika nyumbani, nikaingia stoo, nikakata uzi wa katani mrefu, nikaufunga kwenye fito na ndoano yangu.

Shangazi akanikuta. "Issa, unakwenda kuvua bwawa au kulishona?"

"Huu haukatiki, shangazi."

"Kweli haukatiki," akasema, akaniacha.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wamezunguka ukingo kama wako mnadani. Vijana wa Lupaso walikuwa na nailoni zao nyembamba na vidonge vya unga wa mhogo, na perege walikuwa wanatoka mmoja baada ya mwingine, kijana mmoja aitwaye Bakari alikuwa tayari na ndoo nusu. Mimi nikatoa chambo changu, matumbo ya kuku ambayo nilikuwa nimeyaficha kwenye mfuko tangu jana yake na yalikuwa yameshaanza kujitambulisha kwa harufu, nikarusha. Uzi ukalala juu ya maji, mweupe, mnene, kila mtu anauona na perege pia wakauona, wakaondoka upande ule wote. Wakamwondokea hata jirani yangu, akahama huku ananung'unika.

Nikarusha tena, hola. Bibi Esha alikuwa amekuja na kigoda chake, akapaza sauti ili asibaki mtu ambaye hajasikia. "Mume wangu, samaki wanadhani umewatundikia kamba ya kuanika nguo."

"Katoka Makote huyo," akadakia Bakari, "kwao samaki hana macho, kichwa kinakatwa sokoni."

Watu wakacheka, na Salama alikuwa pale, ameziba mdomo kwa kanga, na nilipomwona hivyo nikasema moyoni, hii ndoano inakwenda mbali leo, mpaka katikati ya bwawa, kwenye maji ambayo hawa hawajayafikia. Nikaipeleka fito nyuma kwa nguvu zangu zote. Sikujua kuwa Mzee Chilumba alikuwa amesogea kunitazama mikono, kama alivyoahidi, na alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa.

Niliona uzi una uzito kidogo, nikafikiri ni ile ndoano kubwa. Nikarusha. Kikapita juu ya kichwa changu kitu cheupe, kizuri, kinazunguka, kikaenda kutua katikati ya bwawa. Nikageuka. Kichwa cha Mzee Chilumba kilikuwa wazi, hakina hata unywele mmoja, na kulikuwa na watu wazima pale ambao hawakuwahi kukiona.

Nikavuta uzi haraka, kofia ikachomoka kwenye ndoano ikabaki inaelea. Hapo ndipo vicheko vilipofunguka, watu walilala chini, kuna mama alimkabidhi mwenzake mtoto ili acheke. Mzee aliweka kiganja juu ya kichwa chake akatazama kofia ya mkewe inavyokwenda na upepo. Nikajua posa yangu inakwenda nayo. Nikatazama njia ya kurudi kwa shangazi, na toka kwa shangazi njia ya kurudi Makote, na nadhani mguu mmoja ulishaanza.

Salama akatoa kanga mdomoni. "Issa," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "fuata kofia."

Upepo ulikuwa umeisukuma mpaka upande wa matete, kwenye visiki na tope, ambako wavuaji hawaendi kwa sababu nailoni zao zinakatikia huko. Nikazunguka, nikaingia kwenye tope mpaka magotini, na kwa kuwa nilihitaji mikono miwili kushika matete, uzi nikaufungua kwenye fito nikaufunga kiunoni, kama tunavyofanya tukiswaga mbuzi mkorofi. Kofia ilikuwa mbele yangu lakini siifikii. Nikasema nitairushia ndoano niivute taratibu (matumbo ya kuku bado yapo, sikuwa hata na akili ya kuyatoa). Nikarusha, nikaikosa, ndoano ikazama pembeni yake.

Nikavuta, uzi ukagoma. Kisiki, nikajisemea. Kisha kile kisiki kikaondoka.

Kilinikalisha chini kwenye tope kama mtoto, kikanivuta makalio mpaka kwenye maji ya kifua, na nilipofungua mdomo kuita msaada ukajaa maji, kwa hiyo hakuna aliyesikia (aibu yangu imeniokoa mara moja hiyo tu). Nikashika kisiki cha kweli kwa mkono mmoja na uzi kwa mkono mwingine. Ng'ambo nikasikia sauti ya Bakari imebadilika. "Ni yule. Wallahi ni yule anayetukatia mishipi. Shikilia, Issa, sasa hivi atauzungusha kwenye kisiki aukate."

Akauzungusha kweli. Nikausikia uzi unasagika kwenye gogo, ananyonga, anakwenda, anarudi, na nikangoja ukatike kama mishipi ya wenzangu iliyokatikia pale. Haukukatika. Ulikuwa uzi wa magunia, ulishabebeshwa makubwa kuliko hayo. Basi nikageuza mgongo, nikaweka uzi begani, nikafanya kile ninachokijua, nikamtoa yule samaki majini kama ninavyotoa gunia stoo, nainama, napiga hatua, nateleza, naanguka, nainuka, na watu wakawa wanakuja mbio wamezunguka bwawa lote, wale waliokuwa wanacheka, na sasa wanaimba, "Mtoe, mtoe," na Bibi Esha nyuma yao na kigoda chake kichwani.

Alitoka kambale mweusi, kichwa kipana kama koleo, sharubu kama za mzee wa baraza, nikimshika kifuani mkia unanigonga goti. Suruali yangu ilikuwa imepasuka nyuma yote, nikaambiwa baadaye. Wakati ule sikusikia upepo.

"Kambale hana haja ya macho," Bakari akasema, anamtazama kwa heshima kama jamaa yake aliyeendelea. "Kaifuata harufu. Kamba hakuiona kabisa."

Bibi Esha akamzunguka yule samaki. "Mume wangu hajavua kitoweo," akatangaza, "kavua mwenyekiti wa bwawa."

Nikambeba mpaka mbele ya Mzee Chilumba, watu wakanipisha njia, nikamlaza miguuni pake, nikasimama wima. Sijawahi kusimama vile. Mzee akamtazama kambale toka sharubu mpaka mkia, bila haraka.

"Samaki nimemwona," akasema. "Kofia yangu iko wapi?"

Nikarudi majini. Nilikwenda na suruali ile ile, mgongo wangu ukiwa kwa kijiji kizima, na wakaanza kucheka upya, na safari hii nikacheka na mimi. Nikaitoa kwenye matete, nikaikamua, nikaondoa kipande cha utumbo wa kuku, nikampa kwa mikono miwili. Na hapo, wala sijui neno lilitoka wapi, nikasema mbele ya watu wote, "Mzee, naomba kumtuma mtu nyumbani kwako."

Akaivaa vile vile imelowa, maji yanamtiririka masikioni.

"Mtume," akasema. "Ila aje bila ndoano."

Mshenga alikwenda, na mambo mengine yalienda vizuri, Salama sasa ananisomea ninapoandika haya na kunisahihisha. Tundu la kwenye kofia alilishona yeye, kwa uzi mwembamba kama ile nailoni niliyoionea haya dukani, huwezi kuliona usipoonyeshwa. Siku hizi nikiingia duka lolote nikaulizwa swali nisilolijua, najibu sijui, kwa sauti. Na fito siipeleki nyuma kabla sijageuka kuangalia aliyesimama huko. Maana mpaka leo, nikimwambia Mzee Chilumba shikamoo, anashika kwanza kofia, ndipo anaitikia marahaba.