Lime Iliyonitoa Jasho

Nianze kujicheka mwenyewe, kisha nanyi mcheke. Wakati ule wa vita, ambargo, yaani vikwazo vya nchi jirani, ilipofunga mipaka, lime mpya hazikuingia tena Bujumbura. Lime ni visindano vya chuma ambavyo sisi madaktari wa meno tunasafishia mizizi ya jino; vikichoka hukatika na kubaki humo ndani. Mimi nilijigamba mtaa mzima wa Nyakabiga kwamba mkononi mwangu haijawahi kukatika hata moja.

Basi siku hiyo nilikuwa namsafisha jino Bi Zaituni, muuza vitenge. Navuta lime, naiona fupi, haina ncha! Nikajua ncha imebaki jinoni. Nikalichokoa jino lile mpaka jasho likadondokea miwani. Wapi! Mwishowe nikasalimu amri, nikasema kwa sauti, na mlango uko wazi: "Mama, unisamehe. Chuma imekatikia ndani."

Bi Zaituni, pamba mdomoni, akaanza kutoa shahada. Waliokuwa wakingoja nje wakasimama wote.

Ndipo muuguzi wangu, Mama Espérance, akaingia na maji ya kusukutua. Akaitazama lime.

"Docteur, si hii ulikata we mwenyewe jana na koleo, sababu ncha ilipinda?"

Kweli kabisa! Zilizopinda tulizikata na kuzinoa upya, zirudi kazini. Nikarusha mikono juu: "Haikukatika! Bado haijakatika hata moja!" Nje wakapiga makofi.

Bi Zaituni akatema pamba. "Alhamdulillahi, chuma iko muzima. Ni kichwa ya docteur ndiyo ilikatika."