Nilivyomfuta mkwe wa watu kwenye kikombe cha kioo

Wakuu, Bwana asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum.

Mimi ni katekista mstaafu, naishi Ngokolo, Shinyanga. Kwa umri huu sina tena mbio za kuukimbiza uongo, kwa hiyo kipokeeni kisa hiki kama kilivyotokea.

Miaka mingi nilipiga picha za pasipoti. Siku hizi, kwa neema ya Mungu, naweka picha kwenye vikombe. Unaprinti kwa wino wa sublimation kwenye karatasi, unaizungusha kwenye kikombe, moto wa mashine unauhamisha wino. Vikombe vyeupe nilishavizoea.

Alhamisi akaja jirani yangu, Mama Kulwa. Kijana wake anaoa Geita, na Jumapili baba wa binti, mwenye shimo lake la dhahabu, alikuwa anakuja kwao kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo katekista. Picha ya mkwe hii hapa. Nataka sura yake kwenye kikombe cha kioo, anywee chai ajue tumemheshimu."

"Marahaba. Kitapatikana."

"Usiniaibishe. Nasikia huyo mzee akinuna, ng'ombe wa mahari wanaongezeka!"

Vikombe vya kioo nilikuwa navyo vitatu tu.

Sasa wakuu, sisi wapiga picha wa zamani tuna adabu yetu: sura ya mtu mzima lazima uing'arishe kidogo. Haombi, lakini usipofanya harudi tena.

Basi nikamng'arisha mkwe kwa heshima zote.

Kufungua mashine, nakuta kofia, koti na masharubu. Mzee mwenyewe hayupo!

Kumbe wino huu hauna rangi nyeupe. Palipong'aa kwenye picha, wino haupo. Kikombe cheupe kinakusitiri kwa weupe wake, lakini kwenye kioo unaona ukuta wa nyuma.

Cha pili nikakifanya kwa hasira, nikaongeza giza na rangi bila kipimo, uso ukatoka mwekundu. Mama Kulwa akachungulia.

"Mayo! Katekista, huyu ni mkwe au nyanya?"

Nikakiweka kando. Hata Ayubu alikuwa na majirani.

Kabla ya kikombe cha mwisho nilisali. Nikairudia picha halisi, nikapunguza wekundu, nikaongeza giza kidogo na contrast, ile tofauti ya mwanga na kivuli. Shati jeupe nikalipa kijivu hafifu, na nyuma yake nikaweka bluu. Nikajaribu kwanza kwenye ubavu mtupu wa kile kikombe cha nyanya. Nilipoona sura imetulia, ndipo nikakitia cha mwisho.

Jumapili niliitwa kufungua kwa sala. Baada ya amina, mkwe akakiinua kikombe kuelekea dirishani, akakitazama, akakigeuza. Mama Kulwa akanikanyaga mguu.

"Nani katengeneza hiki?"

"Ni mimi, mzee mwenzangu."

"Studio zote huwa zinanifanya mweupe kama karani. Huyu ni mimi, na jua langu lote la machimboni." Akamgeukia mwenyeji wake. "Mama, weka chai."

Mguu wangu ukaachiwa.

Nilichojifunza: kwenye kioo usimng'arishe mtu. Muumba alishamchagulia rangi, kazi yetu ni kuifikisha salama upande wa pili wa moto.

Wenye uzoefu wa vioo, ninyi wekundu mnaupunguza vipi? Na kama nawe umewahi kumfuta mkwe wa mtu, ungama hapa chini, tutakuombea.