Kitanzi Hakina Mgongo

Siku ya kumzika mumewe, shemeji yake alisimama mbele ya watu, akakohoa kidogo kama wasomi wanavyokohoa wakitaka kusikilizwa, akasema: "Mdogo wangu alikuwa mvumilivu. Kazini alitafuta ukimya, nyumbani akaishi na kelele."

Watu wakacheka. Jeneza liko hapo, udongo unasubiri, na watu wakacheka. Wenye haya kidogo walijiziba midomo, wakacheka kwa kupitia vidole.

Mama Kelele, ndivyo walivyomwita mjane huyo. Alikuwa amekaa chini kashika viatu vya marehemu, hata hajui nani alimpa. Alimtazama shemeji yake kuanzia soksi mpaka miwani, akayameza yale maneno bila kuyatafuna. Kuna watu ukiwatukana wanalipuka, kesho mnakopeshana chumvi. Huyu hakuwa wa hivyo. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu duniani: shemeji yake asimame tena mbele ya watu wale wale aseme kelele haikuwa kwake.

Na jina lenyewe lilianza hivi.

Mumewe alikuwa fundi wa minara kwenye kituo cha utafiti wa mawimbi ya redio. Mkuu wa kituo alikuwa kaka yake, tumbo moja, ziwa moja. Mmoja alisomeshwa mpaka nywele zikakimbia kichwani, mwingine akapewa spana na mkanda wa kupandia juu. Ndiyo dunia. Nyumba ya Mkuu ilikuwa huku, na baraza yake na maua yake. Nyumba ya fundi ilikuwa kule mwisho, inagusana na uzio. Katikati kuna uwanja mpana wa nguzo na waya, na kibanda cha mbao cha vyombo vya kusikilizia.

Zamani, mumewe alikuwa akimweleza kazi yao huku anavua buti.

"Juu kule, mama, juu kabisa, kuna tabaka la hewa limechomwa na jua. Ukilirushia wimbi la redio, linagonga linarudi, kama mpira ukutani. Sisi tunapima limechelewa kiasi gani. Hapo tunajua ukuta umepanda au umeshuka."

"Na mkishajua?"

"Tunaandika."

"Na mkishaandika?"

"Tunapima tena."

"Kazi ya kuchota maji kwa pakacha," alisema, na wakacheka wote wawili. Siku hizo alikuwa anacheka.

Sasa lile wimbi likirudi linakuwa limechoka, limebaki sauti ya mgonjwa. Kwa hiyo karibu na kituo hakutakiwi mashine ya kuchomelea, hakutakiwi mota mbovu, chochote chenye cheche. Mke wa fundi alikuwa na cherehani ya umeme, anashona sare za shule. Walikuja kuikagua, mumewe akaifungia kidude cha kumeza cheche, Mkuu mwenyewe akasema haina neno. Akashona kwa amani.

Halafu ikaja kelele. Krrr, inanyamaza. Krrr, inanyamaza. Michoro ya Mkuu yote ikawa imekwaruzwa kama uso wa mtu aliyepigana na paka. Mkuu hakula vizuri, mkewe akasimulia kwa majirani kama vile mtu amefiwa. Ndipo wakatoa kitanzi.

Kitanzi chenyewe ni pete ya shaba, kubwa kama sinia, ina mpini, imeunganishwa na redio ndogo. Unakizungusha pole pole huku unasikiliza. Kelele ikifa ghafla, ujue tundu la pete limeelekea kule inakotoka. Wakasimama nacho mbele ya kibanda, wafanyakazi wote wamezunguka kama wanaangalia mazingaombwe. Aliyekishika ni mumewe, maana ndiye mwenye mkono usiotetemeka. Akazungusha, akazungusha.

"Imekufa," akasema.

Mkuu akainama, akachungulia kwenye pete kama mtu anayechungulia dirishani. Akaona bati la nyumba ya fundi.

"Basi," akasema Mkuu. "Cherehani."

Hakuna aliyegeuza shingo. Mumewe alikuwa ameelekeza uso nyumbani kwake na mgongo kwenye nyumba ya kaka yake, akabaki hivyo hivyo.

Mkewe wakati huo alikuwa bombani anateka maji. Alirudi na ndoo kichwani akakuta kundi mlangoni. Akawaambia cherehani imefunikwa shuka tangu asubuhi, waingie washike mota kama ina joto.

"Shemeji," Mkuu akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, "chombo hakidanganyi."

"Chombo hakidanganyi, lakini kina mdomo? Si ninyi mnaokisemea?"

"Zima tu, mama, yaishe," mumewe akasema.

Umeme ukakatwa kwenye nguzo. Na aliyepanda kuukata ni nani? Ndiye huyo huyo mumewe, kwa mkanda wake na koleo yake, maana kupanda ndiyo kazi yake. Mkewe alisimama chini akaona waya unashuka.

Ubaya wa bahati, kelele ikakoma. Ikakoma kweli. Vifaranga wa mke wa Mkuu walikuwa wamekufa kwa kideri wiki ile, banda zima likabaki manyoya, mama wa watu akawa analia na mashine yake ya kutotolea imezimwa. Lakini nani alihesabu hilo? Watu walihesabu waya uliokatwa. Mkuu akatembea kifua mbele. Hapo ndipo jina likazaliwa, Mama Kelele, na mlinzi wa getini ndiye aliyelibatiza, Mungu amlipe kwa meno mabovu.

Baadaye kelele ikarudi. Nyumba haina umeme, lakini kelele imerudi! Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Wao wakaja kupekua. Wakainua godoro, wakafunua masufuria, dereva wa kituo akaingiza mkono mpaka kwenye gunia la mkaa.

"Mama Kelele, umeificha wapi?" mlinzi akauliza anachekacheka.

"Nimeimeza. Sogeza uso nikutapikie."

Hawakupata kitu. Wakaenda wanasema ana betri la gari sehemu, mwanamke yule mjanja. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni muda wote anatazama vidole vya miguu yake. Walipoondoka akakaa kitandani, akauliza kwa upole, na huo upole ndio mbaya:

"Mama. Hata kidogo hukuigusa?"

Mkewe alichukua ufagio akafagia mkaa waliomwaga. Alisikia kitu ndani yake kinakufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, akangoja baadaye kije kichome sindano kirudi. Hakikurudi. Wakaendelea kuishi, wakala, wakalala, wakazeeka kitanda kimoja. Cherehani akamgawia mdogo wake wa kike, yeye akawa anafulia nguo makapera wa kituoni. Mumewe akaumwa kifua, akapona, akaumwa tena, akafa. Alikufa na lile swali lake mdomoni. Na juu ya kaburi lake, kaka mtu akalifanyia mzaha.

Basi miaka ikaenda. Mkuu akastaafu lakini hakuhama. Waliofuata walimwonea haya, wakamwachia nyumba ya baraza na maua, na kila asubuhi alikwenda ofisini kwa viatu vya kandambili kuwaambia vijana jinsi mambo yalivyokuwa yakifanywa vizuri zamani. Mama Kelele akaachwa kule mwisho. Walikutana njiani, "Habari za asubuhi, shemeji," "Nzuri," wakapishana. Moyoni hakukuwa na moto. Watu wanadhani mwenye kinyongo anaungua. Mwingine anapoa tu, kama jiwe la kuogea.

Kelele nayo haikuisha. Inakuja inapotea, inakuja inapotea. Ndipo akaletwa mtafiti mpya, binti mwembamba mwenye viatu vya mwanamume, akaambiwa aitafute kelele aimalize. Akauliza inatoka wapi. Wote kwa pamoja wakamwonyesha kwa midomo: nyumba ya mwisho.

Binti akaja mchana, pete ya shaba begani.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kama umekuja kutafuta mashine, tafuta. Chini ya kitanda kuna ndala, usizikanyage."

Binti hakuingia. Alitazama nguzo ya nje, waya uliokatwa umejikunja juu yake kama mkia wa mbwa mzee, ndege wamejengea.

"Mama, umeme wa hapa ulikatwa lini?"

"Wewe hujaota meno."

"Lakini kelele nimeisikia leo asubuhi."

"Basi ni mimi. Nakoroma nikiwa macho."

Binti hakucheka. Akakaa kizingitini bila kupangusa vumbi, akauliza walivyopima zamani. Mama Kelele akamweleza, maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Walisimama pale kibandani," akasema.

"Halafu wakahamia wapi?"

"Wakahamia mlangoni kwangu."

"Nasema kitanzi, mama. Baada ya pale kibandani, walikwenda kupima wapi tena?"

"Tena ya nini? Walishaniona."

Binti akainua pete mbele ya mlango. "Chungulia. Unaona nini?"

"Nyumba ya shemeji."

"Zunguka uje upande huu. Chungulia tena."

"Kitanda changu."

"Na pete sijaisogeza. Kitanzi hakina uso wala mgongo, mama. Kinakupa mstari tu, hakikuambii kelele iko mwisho upi wa mstari. Lazima uhame, upime kutoka mahali pengine. Mistari miwili inapokatana, hapo ndipo ilipo."

Mama Kelele akakaa na hilo. Nyumba yake mwisho huu. Kibanda katikati. Mwisho ule, nyumba ya nani?

"Mtu aliyesoma analijua hilo?"

"Mwaka wa kwanza, mama. Hata kabla ya mtihani."

Alingoja kifua kipande. Kifua hakikupanda. Aliinuka akafunika ndoo ya maji, nzi walikuwa wengi.

"Twende ukapime," akasema.

Binti akapima kibandani, kelele ikafa kwenye mstari ule ule wa zamani. Akahamia kona ya uwanja, mbali, kwenye nyasi, Mama Kelele nyuma yake anavuta miguu. Wafanyakazi wakaanza kusogea, mlinzi akaacha geti, dereva akatoka chini ya gari. Kelele ikafa tena. Safari hii pete ilikuwa imetazama nyuma ya nyumba ya Mkuu, kwenye banda la vifaranga. Binti akaenda moja kwa moja, kundi likamfuata, na mara hii hakuna aliyetania.

Ndani ya banda mashine ya kutotolea ilikuwa inawaka. Kasha la mbao la zamani, lina taa za kupasha joto na kidude cha kuziwasha na kuzizima. Kila kidude kilipogusa, kicheche cha bluu. Redio mkononi mwa binti: krrr. Akachomoa waya. Kimya. Akachomeka. Krrr. Akachomoa.

"Mayai yangu yatapoa!" mke wa Mkuu akapiga kelele kutoka mlangoni. "Mashine hiyo ninayo tangu tuhamie hapa, haijawahi kumkosea mtu!"

Mkuu alikuwa ameshafika, kandambili mguuni. Aliitazama mashine, akaitazama redio. Alikuwa mzee, lakini hesabu hazikuwa zimemtoka. Aliona yote kwa mara moja.

"Mzee wetu," binti akauliza kwa adabu, "zamani mlipima na kutoka mahali pengine?"

"Ya nini?" Mkuu akasema polepole. "Jibu lilikuwa mbele ya macho."

Mama Kelele akasogea mpaka mbele yake. Watu wakampisha.

"Sema."

"Shemeji, kitaalamu tunaweza kusema kulikuwa na dosari katika upimaji..."

"Kitaalamu sikujui. Sema kwa mdomo ule wa msibani."

"Mimi mzee, shemeji. Nimechoka."

"Mdogo wako alichoka zaidi. Amelala."

Mkuu akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Kelele haikuwa kwake," akasema.

"Walicheka kwa sauti wale. Ongeza."

"Kelele haikuwa kwake! Ilikuwa kwangu. Tangu mwanzo ilikuwa kwangu."

Mlinzi akatazama chini. Dereva akapangusa mikono ambayo ilikuwa imeshakauka. Hakuna aliyeziba mdomo, maana hapakuwa na cha kuziba.

"Na mume wangu alikufa akijua ni ya nani?"

Mkuu akaikunja miwani. "Alikufa akijua ni yako."

Mama Kelele akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

"Nisamehe, shemeji."

"Hapana."

"Nimesema mbele ya watu wote hawa!"

"Ndiyo. Nilitaka useme, umesema. Kusamehe hatukuahidiana."

"Kwa hiyo nichomeke au nisichomeke?" mke wa Mkuu akauliza, waya mkononi.

Mama Kelele alisimama kidogo zaidi. Alijisikiliza ndani kama mtu anayesikiliza kama wageni wameshaondoka. Miaka yote hiyo alidhani siku hii ikija atalia, au atacheka, au atamtemea mtu mate. Hakuna kilichokuja. Akageuka, akaanza kuvuka uwanja, chini ya zile waya.

Binti akamkimbilia. "Mama, unajisikiaje?"

"Miguu inaniuma," akasema, akaendelea kutembea.